Kadi Iliyonuka Samaki

MAELEZO YA SHAHIDI

Yametolewa katika kituo cha polisi, Mtwara mjini, Jumatano tarehe 23 Oktoba 2024, kuanzia saa tatu na dakika ishirini asubuhi.

Jina: Isaya Benedikto Ndunguru
Umri: Miaka 81
Kabila: Mmatengo
Dini: Mkristo
Kazi: Mstaafu, zamani opereta wa redio, Bandari ya Mtwara
Makazi: Magomeni, Mtwara
Mbele ya: Koplo Farida

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa bajaji, peke yangu, bila kuitwa na mtu. Koplo Farida ameniuliza kama naumwa. Nimemjibu kwamba figo zangu zimechoka na moyo unazifuata. Mwezi wa tano daktari alimwita binti yangu pembeni akamwambia jambo ambalo mimi nililisoma usoni mwake kabla hajafungua mdomo. Akili yangu iko sawa. Koplo ameniomba nitaje tarehe ya leo, mtaa ninaoishi na jina la marehemu mke wangu, nami nimevitaja vyote. Naomba hilo liandikwe mwanzoni, kwa sababu kuna mtu atakuja hapa kusema kwamba dawa zimenivuruga.

Amenionya pia kwamba ninayotaka kuyasema yanaweza kunitoa kwenye ushahidi na kunitia kwenye tuhuma. Nimemwambia aandike.

Nimekuja kwa ajili ya Yusufu Omari, fundi wa kompyuta, ambaye yuko mahabusu hapa tangu Jumamosi. Anatuhumiwa kung'oa chipu nzuri kwenye kadi ya grafiki ya kompyuta na kuweka mbovu mahali pake. Aliyemshtaki ni Modesta Ndunguru, binti yangu, ambaye naishi kwake na ndiye anayenilisha. Yusufu hakung'oa kitu. Aliyeiharibu kadi ile ni mimi.

Modesta anafanya kazi ofisi ya mawakala wa forodha bandarini. Jioni na mwisho wa wiki anapiga video za harusi, na kompyuta yake iko chumba cha mbele, pale palipokuwa sebule yetu. Mwaka huu alitaka kadi ya grafiki yenye nguvu, yaani kile kifaa ndani ya kompyuta kinachochora picha, ili kazi za harusi zisikae wiki nzima zikisubiri. Alimwagiza Yusufu amtafutie. Yusufu aliipata kwa muuzaji wa Dar es Salaam, iliyokwisha kutumika, na tangazo lake lilisema kwamba memori zake, yaani chipu zinazohifadhi picha, ni za kile kiwanda ambacho mafundi wote wanakitafuta.

Koplo ameniuliza hapa, kwani memori si ni memori tu. Nimemweleza kwa korosho. Magunia mawili yanaweza kupokelewa ghalani siku moja, yana uzito mmoja na yameshonwa kwa uzi mmoja. Ubora huujui mpaka umechota sampuli na kukata korosho ukatazama ndani. Kadi nazo ni hivyo. Kampuni ile ile, jina lile lile kwenye boksi, lakini chipu za memori zilizo ndani zinatoka viwanda tofauti. Ukizitumia kwa kasi iliyopangwa na kiwanda, zote ni sawa na huwezi kuzitofautisha. Tofauti inaonekana ukizikimbiza kupita kasi hiyo, jambo ambalo vijana wanaliita kuovakloki. Za daraja la kwanza zinakubali kwenda mbali sana. Za daraja la pili zinaishiwa pumzi mapema. Koplo amesema sasa ameelewa, baba yake ana shamba Newala.

Jumamosi tarehe 15 Juni, Modesta alikuwa kwenye harusi. Yusufu alikuja mchana kuifunga kadi, na mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Alipoiwasha alifungua programu inayoonyesha kadi ni ya aina gani na memori zake ni za nani. Nilivaa miwani nikasoma mwenyewe. Zilikuwa za kiwanda cha pili.

Yusufu alisikitika. Alisema, "Mzee, huyu jamaa katudanganya. Hizi siyo zilizo kwenye tangazo. Nampigia leo hii, tunairudisha."

Nilimuuliza kurudisha na kupata nyingine kutachukua muda gani. Akasema labda wiki sita, maana muuzaji atasumbua. Wiki sita kwa mtu mzima wa afya ni kusubiri tu. Mimi nilishasoma uso wa Modesta mwezi wa tano. Nikamwambia aiache, nitamwambia Modesta mwenyewe.

Alisita kidogo kisha akanitii. Alisema, "Haya, mzee. Ila usizikimbize, tafadhali. Kazi ya dada zitafanya vizuri tu. Ukizikimbiza zitakuangusha."

Modesta aliporudi alinikuta bado nimekaa mbele ya kompyuta. Akaniuliza, "Baba, ni yenyewe?" Nikamjibu, "Ni yenyewe." Hakuuliza tena, wala hakuangalia. Tangu akiwa mtoto, kitu chenye waya nikisema ni kizima, kwake ni kizima.

Inabidi nieleze nilikuwa naitaka ya nini, ingawa najua haitasaidia. Nilifanya kazi ya redio pale bandarini miaka yangu yote, kuongea na meli. Chombo kikija kipya tulikuwa tunakijaribu, tunatafuta mwisho wake uko wapi. Baada ya kustaafu sikuwa na chombo. Yusufu ndiye aliyenifundisha kompyuta, jioni, bila kunidai chochote, na alinionyesha kwamba duniani kuna watu wanaokimbiza kadi zao na kuweka alama walizopata kwenye jedwali moja la mtandaoni. Nilijiandikisha kwa jina la Opereta. Modesta akishakwenda kazini, nyumba inabaki yangu. Nilikuwa naongeza kasi kwa megahezi kidogo, napima, naongeza tena. Miguu yangu ilikuwa inavimba, macho yanapungua, chakula kinakataa. Alama ile ilikuwa inapanda. Hakukuwa na kitu changu kingine kilichokuwa kinapanda.

Kwenye lile jedwali, waliokuwa juu kwa kadi kama yetu wote walikuwa na memori za daraja la kwanza. Nilitaka kuwapita kwa hizi za pili.

Nilifika mahali nikiongeza kasi alama inashuka badala ya kupanda. Kadi haikuzima, ilishuka tu. Mtu asiyejua angeshangaa. Mimi nilielewa siku ile ile, kwa sababu enzi zetu ukipiga Morse haraka kuliko sikio la anayepokea, anakuomba urudie, na kwa kurudia huko mnatuma maneno machache kuliko mngekwenda taratibu. Memori ilikuwa inakosea na kurudia, inakosea na kurudia. Ilikuwa inaniambia kwamba imefika mwisho. Nilipaswa kuacha pale.

Nikafikiri joto ndilo linaloibana. Mwezi wa tisa joto limeshaanza. Jumatano tarehe 11 Septemba nilimtuma dereva wa bajaji aninunulie barafu Feri, soko la samaki. Alileta donge kubwa kwenye kiroba. Nilifungua ubavu wa kompyuta, nikalivunja donge, nikalipanga kwenye beseni mbele ya feni ili upepo upite kwenye barafu kabla ya kuifikia kadi. Vipande vingine nilivifunga kwenye nailoni nikavilaza juu ya mgongo wa kadi yenyewe.

Alama ilipanda. Kwa muda kama wa kunywa kikombe cha chai, nilikuwa juu ya watu wote wa daraja la pili na baadhi ya wale wa kwanza.

Nilikuwa nawaonya vijana wa redioni kila mwaka kwamba chombo kikiwa baridi kuliko hewa ya pwani, hewa inakuwa maji juu yake. Nimesema maneno hayo mara nyingi kuliko sala zangu. Siku hiyo sikuyakumbuka. Kadi ilitoka jasho, na nailoni nayo ilikuwa na tundu, na barafu ile ilikuwa imelazwa pamoja na samaki, ina chumvi. Skrini ilijaa nukta za rangi, kisha ikawa nyeusi.

Nilimpigia Yusufu. Alikuja, akainama kwenye kompyuta, akanusa.

"Mzee, hii kadi umeipeleka kuvua?"

Akaona beseni chini ya meza. Alianza kucheka, kisha aliponitazama aliacha. Nilimwambia Modesta akijua nimelifanya hili, atanirudisha Mbinga kwa kaka yake. Si kweli kwamba Modesta aliwahi kusema hivyo. Nilikuwa naogopa tu, nikaogopa kwa sauti mbele ya kijana wa watu.

Yusufu alisema, "Usihangaike. Nitamwambia dada imechoka na joto. Joto la Mtwara nani atalibishia?" Alikausha meza mwenyewe, akamwaga maji ya beseni nje, akaondoka na kadi.

Kibandani kwake aliisafisha, na chipu mbili zilizokuwa zimeachia alizipasha kwa hewa moto ili risasi ya kulehemu ishike tena. Kadi ilirudi ikiwaka. Hakutaka malipo. Lakini chumvi ikishaingia haitoki yote, na baada ya wiki kadhaa kadi ilianza kukosea hata kwa kasi ya kawaida. Video ya harusi moja ilikwenda kwa wenyewe ikiwa na nukta za kijani usoni mwa bibi harusi. Mama wa bibi harusi alikuja nyumbani kwetu. Yale aliyoyasema Modesta hakustahili kuyasikia.

Modesta alimwonyesha kadi fundi mmoja aliyekuja na wageni kutoka Dar es Salaam. Yule fundi alikuwa na haraka. Alisoma memori ni za nani, akalinganisha na lile tangazo, akaona alama za hewa moto, akasema, "Dada, umebadilishiwa." Kisha akainusa akauliza fundi wako yuko wapi. Kibanda cha Yusufu kinapakana na akina mama wanaokaanga samaki. Modesta akasema basi, hata harufu inajieleza.

Nilikuwa kwenye kiti changu, hatua chache kutoka kwao. Nilisikia yote.

Yusufu alipokamatwa aliwaambia askari kwamba memori zilikuwa hizo hizo tangu siku ya kwanza, na kwamba mzee Ndunguru alikuwepo na alisoma mwenyewe. Hilo la barafu hakulisema. Modesta alirudi nyumbani Jumamosi mchana akaniuliza, "Baba, si uliniambia ni zenyewe?"

Nikasema ndiyo.

Koplo ameniuliza kwa nini. Nimemwomba aendelee kuandika.

Nimeambiwa dhamana ilikuwa wazi na kilichokosekana ni mdhamini. Mstaafu wa serikali mwenye kitambulisho angefaa. Sikuja.

Jumapili tarehe 20, Modesta akiwa kanisani, alikuja Bi Mwanahamisi, mama yake Yusufu, kutoka kijijini Kitaya. Ni mjane. Sikuwahi kumwona kabla ya siku ile. Alivua viatu nje, akanisalimu shikamoo akiwa bado mlangoni, na kiti nilichompa alikikataa akakaa kwenye mkeka. Alikuwa na kuku na kikapu cha makopa ya muhogo. Nilidhani amekuja kunidai mwanawe, na kwa kweli nilifurahi, nikaona sasa nitaambiwa ukweli mbele ya uso wangu nami sitakuwa na pa kukimbilia.

Alisema, "Baba, nimekuja kuomba radhi."

Nikamuuliza radhi ya nini.

"Yusufu ananiapia kwamba wewe unajua hakuchukua. Nimemkemea. Nimemwambia usimwingize mtu mzima kwenye uongo wako. Mzee wa watu anaumwa, akuonee wewe ili apate nini?" Alifunga vizuri ncha ya kanga. "Mimi nimemzaa, baba, lakini sikai naye huku mjini. Mjini kuna mambo. Kama amechukua, amechukua. Msamehe."

Nilifungua mdomo. Nilichomwambia ni kwamba anywe chai.

Alikunywa. Aliniambia kwamba ana mikorosho aliyoachiwa na marehemu mumewe, kipande kimoja upande wa mtoni, na kwamba yuko tayari kuiuza ili amlipe Modesta kadi na hasara ya ile harusi, mradi shauri lifutwe kabla halijafika kwa hakimu. Alisema korosho zimeshaanza kudondoka, mnunuzi atavuna msimu huu huu, kwa hiyo hatakosa mtu. Alisema hivyo kana kwamba ananitoa wasiwasi mimi. Kisha alikiosha kikombe, akanishukuru, akaenda kusubiri gari la Kitaya.

Kuku yule yuko uani kwetu. Sijui nimfanye nini.

Jumatatu nzima sikusema. Jana Jumanne, jioni, Modesta aliniambia kwamba Bi Mwanahamisi amepiga simu. Ameshauza, wameandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji, na kesho Alhamisi analeta pesa. Hapo ndipo nilipomwambia Modesta kila kitu, tangu programu ile ya siku ya kwanza mpaka beseni.

Alisikiliza akiwa amesimama, kisha akakaa kitandani kwangu.

Alisema, "Baba, mimi ndiye ninayekuogesha. Ungeniambia umeiharibu, ningekasirika siku moja. Siku moja tu."

Nilimwambia twende kituoni pamoja. Alilia kwanza. Halafu akauliza, "Nikaseme nini? Kwamba nimemweka ndani mtoto wa mwenzangu, mama yake ameuza shamba, kwa sababu baba yangu alikuwa anashindana na watoto mtandaoni?" Alinifunika shuka, akazima taa. Akiwa mlangoni akasema, "Umechoka. Ni dawa hizo." Nadhani hakunidharau. Nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kusimama, na pale ndipo alipopapata.

Leo asubuhi alipokwenda kazini nilisubiri bajaji.

Koplo ameniuliza kama kuna kitu cha kuthibitisha maneno yangu. Kipo. Kadi iko hapa kituoni kama kielelezo. Ifunguliwe chuma chake cha kupozea. Kuna chipu nane. Zitazamwe kwa darubini ya mafundi. Mbili ndizo zilizopashwa moto, risasi yake imelegea na kung'aa tofauti. Sita hazijaguswa, risasi yake ni ya kiwandani, na zote nane ni za kiwanda kimoja, hicho cha pili. Mtu anayeiba memori nzuri haachi sita mahali pake. Zilikuwa za daraja la pili tangu zilipozaliwa. Watazame na chini ya chipu, watakuta chumvi.

Ameuliza nani hapa Mtwara ana darubini ya namna hiyo na anajua kuisoma. Nimefikiri sana. Ninayemfahamu ni mmoja, na mmemfungia nyuma ya ukuta huu.

Nimemuuliza Koplo kama kwa maelezo haya Yusufu anaweza kutoka leo. Amesema hilo si lake, jalada linakwenda kwa mkuu wake. Nimeuliza kama yale mauzo ya Kitaya yanaweza kuvunjwa. Amesema hilo halihusu polisi, mwenye shamba aliuza kwa hiari yake, mbele ya mashahidi. Nimeuliza itakuwaje nisipokuwepo siku ya kuitwa mahakamani. Ameniongezea maji kwenye glasi.

Sina lingine la kuongeza. Nimesomewa maelezo haya nami nimeyafuata kwa macho. Ni ya kweli, na ningeweza kuyatoa siku nne zilizopita, wakati bado yana kazi.

Sahihi: I. B. Ndunguru
(pamoja na dole gumba la kulia, kwa kuwa mkono wa shahidi unatetemeka na sahihi haifanani na iliyo kwenye kitambulisho)

Maelezo ya ofisa aliyeandika:

Nathibitisha kwamba nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa, bila kumshawishi wala kumtisha. Yamekamilika saa tano na dakika kumi asubuhi. Wakati wa kusomewa, mlalamikaji Modesta Ndunguru alifika kituoni akiwa na dawa za shahidi. Alisema baba yake ni mgonjwa na asiaminiwe. Nilipomuuliza kama anataka kuandika hivyo, alikataa kuandika. Alimwinua shahidi na kumsaidia kutembea hadi kwenye bajaji.

Shahidi kabla ya kuondoka aliomba kumwona mtuhumiwa. Sikuweza kumruhusu. Nilikwenda mahabusu kumjulisha mtuhumiwa Yusufu Omari kwamba mzee Ndunguru amefika na ametoa maelezo kuhusu kadi na barafu, na nikamuuliza kama ana la kusema. Aliuliza kwanza kama mzee amekuja na mtu au peke yake. Kisha aliuliza kama mama yake ameshauza mikorosho. Nilimjibu kwamba, kwa mujibu wa shahidi, ameshauza.

Koplo Farida
23/10/2024